Yaya wa Théophile

Théophile hakuwa mutu wa kuleta kitu. Alikuwa mutu wa kufika na mikono mitupu na kurudi kwake na samaki. Kwa hiyo Jumapili ile alipoingia uwanjani kwetu Kataki, amevaa koti lake la abakosti la kijivu, na kilo moja ya sukari mukononi, niliweka kisu chini, nikaacha samaki wa mikebuka niliokuwa ninapasua, nikajiambia: kuna jambo.

Akasema, "Viviane, habari ya asubuhi?"

Hapo njo nilijua kwamba jambo lenyewe ni kubwa. Tangu nilipokuwa na miaka sita, Théophile hakuwahi kuniita Viviane. Aliniita Yaya. Na yaya, kwetu, ni ndugu yako mukubwa, yule aliyekutangulia kuzaliwa. Mwaka ule, wa themanini na tisa, mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, yeye amepita arobaini na kipara kimeanza kumusalimia, lakini mimi njo nilikuwa Yaya yake. Usicheke bado. Ngoja nikueleze, utacheka vizuri zaidi.

Papa Salomon, aliyekuwa fundi wa reli, alizaa watoto wawili: Pontien, wa kwanza, na Théophile, wa mwisho. Pontien njo baba yangu muzazi. Alikuwa muvuvi. Mwaka wa sitini na nne, mwaka wa vita, muji wetu wa Kalemie ungali unaitwa Albertville, alitoka na mutumbwi wake asubuhi moja ya upepo. Mutumbwi ulirudi kesho yake, umepinduka, unasukumwa na mawimbi. Yeye hakurudi. Walimutafuta siku tisa, hawakupata hata shati. Kilichobakia ni mukaba wake wa ngozi, kwenye musumari nyuma ya mulango.

Sasa, watu wetu wa upande wa Niemba hawakubali mutu afe na fasi yake ibakie wazi. Siku ya kumaliza kilio, wazee wanatafuta mutu wa kumupyana marehemu. Anafungwa mukaba wake, anapewa jina lake, anakalishwa kwenye kiti chake. Basi, imekwisha: tangu siku hiyo yeye njo marehemu mwenyewe, amerudi. Waliokuwa wanamuita marehemu mutoto, wanamuita mutoto. Waliokuwa wanamuita yaya, wanamuita yaya. Hakuna kucheka.

Mukaba ule ilifaa afungwe Théophile. Nani mwingine? Ndugu yake wa tumbo moja, miaka kumi na saba, kifua kimepanuka. Lakini asubuhi ya siku ile hakuonekana. Alikuwa anasoma kwa mapadri, na baadaye alisema alikataa kwa sababu ya dini. Dini gani! Walimukuta saa kumi, ndani ya banda la kuku la jirani yetu Mama Séraphine, amejikunja, manyoya kichwani. Aliogopa kulala na jina la mutu aliyezama. Papa Salomon hakumugombeza. Alikuwa amekwisha kuchoka kungoja. Alishika mukaba, akaangalia wajukuu wote waliokuwepo, ni kusema mimi peke yangu, akanifunga mimi.

Ulinizunguka mara mbili. Papa akapasha musumari moto, akatoboa tundu jipya ili usianguke. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa ninamutaka baba yangu. Shangazi Adrienne, dada yake Papa Salomon, akanipangusa machozi kwa kitambaa chake cha kiunoni na kusema, "Nyamaza. Pontien yupo. Unamulilia nani?"

Nikanyamaza. Ningefanya nini? Mutu hajililii mwenyewe.

Basi hivyo njo nilivyokuwa Pontien. Mama yangu Rosalie alirudi kwao Nyunzu, akaolewa tena, akafa huko. Mimi nilibakia kwa Papa Salomon, na ninakuambia, kuwa Pontien kulikuwa na raha yake. Nyama ikipikwa, ninapewa kabla ya Théophile. Nikiingia ndani, Théophile anasimama, ananipa kiti. Alikuwa amekwisha kuota ndevu, mimi meno ya mbele hayajarudi, lakini anasimama! Akichelewa, Papa Salomon anakohoa tu, na kiti kinakuwa wazi. Nilimutuma maji. Nilimutuma viatu. Siku moja nilimuambia, "Théo, simama sawa, sema kweli, nani amekula sukari?" naye akasema, "Ni mimi, Yaya," mbele ya rafiki zake wa masomo. Walimucheka mwezi muzima.

Kulikuwa na hasara pia. Wajukuu wa watu wengine walikuwa wanawatania babu zao, wanawaambia wewe muzee huna meno, tutakuuza sokoni. Mimi nilikatazwa. Mutoto hamutanii baba yake. Na kitu kingine: hakuna mutu aliyewahi kunieleza habari za baba yangu, alikuwa mutu wa namna gani, alicheka namna gani. Nani atamueleza Pontien habari za Pontien?

Nilikua. Kila mwaka Papa aliongeza tundu kwenye mukaba. Nikaolewa, watu wakasema, "Pontien anaolewa!" wakaanguka chini kwa kucheka. Nikazaa watatu. Bwana yangu akaenda Manono kutafuta kazi, njia ya kurudi akaisahau. Nikabakia na watoto wangu na Papa Salomon, ndani ya nyumba ile ile ya matofali aliyoijenga kwa mikono yake, ninakausha samaki uwanjani na kuuza. Papa alipoanza kuzeeka mimi njo nilimuosha. Mukaba ninaufunga mpaka leo siku za sikukuu, kwenye tundu lake Pontien mwenyewe, na tangu mutoto wa tatu hata hilo linabana.

Papa Salomon alikufa Januari. Théophile alikuja na sukari Aprili.

"Viviane," akasema, na kila alipotaja jina lile alitazama samaki, si mimi. "Kuna sheria mupya ya Zaire juu ya familia. Rafiki yangu wa biro, kule kazini, alinisomea. Mambo ya urithi sasa hayaamuliwi tena na wajomba na wazee wa kilio. Wanaorithi kwanza ni wazao wa moja kwa moja."

"Ni nani hao?"

"Watoto. Papa alikuwa na watoto wawili, mumoja alikufa. Nimebakia mimi." Akapangusa kipara. "Wewe ni mujukuu. Si kosa lako. Nimepata mutu wa kununua, mufanyabiashara wa Kabalo. Ijumaa tunakwenda tribinali, mwamuzi atoe karatasi. Na wewe tutakutafutia fasi."

"Fasi wapi?"

"Tutaona."

Kalemie, mutu akikuambia "tutaona", ujue hutaona kitu.

"Théo," nikasema, "na mukaba?"

"Mukaba ni mambo ya zamani. Hauandikwi kwenye karatasi." Akasimama, akajipiga vumbi. "Nimekuletea sukari."

Akaondoka. Sukari nilibakia nayo. Hasira ni hasira, sukari ni sukari. Lakini niliogopa, ninasema wazi. Nilitazama ule ukuta ambao watoto wangu walichorea urefu wao kwa makaa, nikatazama kamba zangu za samaki, nikajiuliza mama mwenye watoto watatu anapanga nyumba wapi kwa pesa ya mikebuka. Na kilichoniuma kupita nyumba, sitakuficha, ni lile jina. Viviane! Kana kwamba tulikutana juzi sokoni.

Siku ya Ijumaa nilivaa kikwembe changu kizuri, nikafunga mukaba juu yake, nikamupitia Shangazi Adrienne. Alikuwa na miaka themanini na kitu, hakusikia vizuri upande wa kushoto, na alijua kuchagua upande wa kukugeuzia. Tukafika tribinali kabla ya jua kuwa kali.

Mwamuzi aliitwa Papa Mwamba, mwanaume munene, mupole, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Biro yake ilikuwa na viti viwili tu mbele ya meza. Kimoja akapewa Shangazi. Cha pili Théophile alikuwa amekwisha kukikalia, abakosti imepigwa pasi, bahasha juu ya magoti.

Mimi nikaingia. Théophile akasimama, akanisogezea kiti.

Hakufikiri. Miguu yake njo ilifikiri. Nilikwisha kukaa wakati yeye anashituka na kutafuta ukuta wa kuegemea. Papa Mwamba alimutazama juu ya miwani, akamuita mwananchi kwa Kifaransa, namna ya serikali ya wakati ule.

"Sitwayen, wewe njo mwenye kuomba?"

"Ndiyo, mwamuzi."

"Na umesimama?"

"Ninajisikia vizuri hapa."

Akatoa habari yake, na aliitoa vizuri, kwa Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, kama mutu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo: marehemu Salomon, wazao wa moja kwa moja, mutoto mumoja aliyebakia, parsele moja, ni kusema kiwanja chenye nyumba, huko Kataki. Kisha akafungua bahasha kutoa ushahidi kwamba yeye kweli ni mutoto wa Salomon. Ilikuwa karatasi ya familia iliyoandikwa mwaka wa sabini, wakati watu walipohesabiwa. Aliitoa ndani ya sanduku la Papa siku ya matanga, bila kuuliza mutu. Nilikuwa sijawahi kuiona.

Papa Mwamba alisoma polepole, kidole kikishuka kwenye mistari.

"Salomon, fundi wa reli. Muke wake, amekufa. Watoto: Théophile, ndiyo, uko hapa." Kidole kikapanda juu kidogo. "Na hapa juu yako kuna Pontien, mutoto wa kwanza. Yupo nyumbani."

"Pontien alikufa," akasema Théophile.

"Lini?"

"Sitini na nne."

Papa Mwamba akavua miwani, akaivaa tena. "Karatasi hii ni ya sabini. Inasema Pontien yupo nyumbani. Mutu amekufa miaka sita, na anahesabiwa?"

Théophile alikuwa amesoma karatasi ile mpaka kwenye jina lake, akaikunja. Mutu anayejitafuta mwenyewe akijipata haendelei kusoma.

"Mama," Papa Mwamba akamugeukia Shangazi, "wewe njo mukubwa wa familia. Pontien yuko wapi?"

Shangazi akanyoosha midomo upande wangu. "Si huyo?"

"Mama, huyu ni mwanamuke."

"Na mimi ninamuona. Sina macho?"

Papa Mwamba alinitazama mimi, akatazama mukaba, akaupima kwa macho tundu kwa tundu. Alikuwa mutu wa Moba, si mugeni wa mambo yetu. Midomo yake ilianza kucheza, akaifunika kwa mukono.

"Mama Viviane, ulipyana?"

"Nilipyana, Papa mwamuzi. Nilikuwa na miaka sita."

"Kwa hiyo mwenye kuhesabu watu alipopita nyumbani na kuuliza watoto..."

"Papa Salomon alisema Pontien na Théophile," nikamalizia. "Nilikuwa nimesimama pale pale. Yule mutu aliniambia niende nikamuite Pontien. Papa akamuambia, andika tu, yupo."

Hapo Papa Mwamba akacheka mpaka uzi wa miwani ukatoka sikioni. Shangazi naye akacheka, akidhani kesi imekwisha na tumeshinda.

"Basi!" akasema. "Pontien yupo, karatasi imesema. Mupe nyumba twende, nimeacha maharagwe jikoni."

Lakini Papa Mwamba alikwisha kuacha kucheka. Akavuta kitabu kipya, kurasa zake bado zimeshikana, akakifungua kwa kisu cha karatasi.

"Sikilizeni. Sheria inaposema wazao wa moja kwa moja, maana yake ni damu inayoshuka kama ngazi: mutu, mutoto wake, mujukuu wake, kitukuu chake. Ndugu na wajomba na wapwa wako pembeni, wanangoja. Sitwayen Théophile, rafiki yako alikusomea vizuri, lakini aliishia katikati. Mujukuu naye ni muzao wa moja kwa moja. Mutoto akiwa hai, yeye njo anarithi, na watoto wake wanatulia nyuma yake. Mutoto akiwa amekufa kabla ya baba yake, watoto wake wanapanda, wanasimama fasi yake, wanachukua kile ambacho yeye angechukua. Sheria inaita hiyo kuwakilisha."

"Si njo hiyo kupyana?" akauliza Shangazi, aliyesikia vizuri sana siku ile.

"Ni jamaa, Mama. Lakini kuna tofauti moja." Akanigeukia mimi, na sauti yake ikapungua. "Kupyana kunasema Pontien yupo. Sheria inataka aseme mutu kwamba Pontien hayupo. Karatasi hii inamuonyesha yeye hai, na wewe Viviane haikuonyeshi popote. Papa Salomon hakukuandika. Kama Pontien yuko hai, nyumba ni yake na ya ndugu yake, na wewe huna fasi, maana mutoto hamurithi baba aliye hai. Kama alikufa, fasi yake ni yako. Siwezi kuandika yote mawili."

Nilifungua mudomo. Neno halikutoka. Unaweza kunidharau ukitaka: nilikuwa na watoto watatu na nyumba inayotaka kuuzwa, na kilichotakiwa ni neno moja tu. Lakini miaka ishirini na tano nyumbani kwetu neno lile halikutamkwa. Papa Salomon alikufa bila kulisema. Alikuwa akiniona ninarudi kutoka ufukweni na beseni la samaki, anasema, "Pontien amerudi," kila jioni, na uso wake unatulia. Mimi nilikuwa yule anayerudi. Sasa nimuue kwa mudomo wangu mwenyewe?

"Ninataka mutu mukubwa wa familia aseme," akasema Papa Mwamba, "si mwenye kuomba nyumba."

Shangazi akanigeuzia sikio la kushoto.

"Shangazi," nikamuita. Nikazunguka, nikapiga magoti upande wa kulia. "Shangazi, sema."

"Wewe njo uliyenyamaza ulipofungwa mukaba," akajibu kwa hasira. "Uliacha kulia. Nilisema, mutoto huyu ana akili. Leo unataka nini?"

"Ninataka nyumba ya Papa. Na nimechoka, Shangazi."

Sikujua kwamba nimechoka mpaka niliposikia nimesema. Alinitazama. Kisha akavuta kitambaa chake cha kiunoni, kile kile au ndugu yake, akakikunja mara mbili juu ya magoti.

"Alizama," akamuambia mwamuzi. "Mawimbi yalimuchukua. Pontien wetu alikufa." Akafunga mudomo kwa mukono kama mutu aliyevunja sahani ya wageni.

Papa Mwamba akaandika. Kalamu ilikwaruza.

"Inabakia jambo moja. Viviane huyu, ni damu ya Pontien? Hana karatasi ya kuzaliwa, na shahidi mumoja hatoshi. Sitwayen Théophile, wewe ulikuwepo. Huyu mwanamuke ni nani kwako?"

Hapo njo nilipoelewa kwamba nyumba yote iko ndani ya mudomo wa Théophile. Kama angesema "sijui", kama angesema "mutoto wa kuokotwa, tulimulea tu", nani angemukatalia? Mama yangu alikufa. Papa alikufa. Yule wa Kabalo alikuwa anangoja na pesa. Alitazama dirisha. Alitazama bahasha. Aliegemea ukuta kama anataka kupita ndani yake.

Sikupanga kusema kitu. Neno lilitoka lenyewe, lile la zamani, kwa sauti ile ile.

"Théo, acha ukuta. Simama sawa, sema kweli."

Na Théophile, na kipara chake na abakosti yake, akaacha ukuta, akaweka miguu pamoja, mikono pembeni.

"Ndiyo, Yaya," akasema.

Papa Mwamba aliinamia meza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Yaya?" akauliza chini kwa chini.

Sikiliza, Théophile ni mutu mwenye mapungufu, lakini akishaanza kusema kweli haachi. Alisema yote. Kwamba mimi ni mutoto wa Pontien na Rosalie, nilizaliwa ndani ya chumba cha nyuma cha nyumba ile, na yeye njo aliyetumwa kumuita muzalishaji, akaanguka njiani. Kwamba mukaba ulikuwa wake. Hata banda la kuku alilisema! Hakuna aliyemuuliza banda la kuku.

"Nilikimbia," akasema. "Nilikuwa mukubwa, nikakimbia, wakamufunga mutoto. Kila siku niliyomuita Yaya nilikumbuka. Nilifikiri nyumba ikiuzwa nitapumuzika." Akapangusa uso kwa mukono wa abakosti. "Andika, mwamuzi. Ni mutoto wa yaya yangu."

Papa Mwamba akachukua karatasi safi, akaandika, kisha akatusomea. Sehemu mbili sawa: moja ya Théophile, mutoto wa Salomon, moja ya Feza, ndilo jina langu la kizalendo, anayeitwa Viviane, binti wa marehemu Pontien, anayesimama fasi ya baba yake. Nyumba haitauzwa bila mikono ya wote wawili. Tukatia sahihi, Shangazi akatia kidole.

"Binti wa nani?" nikauliza.

"Wa marehemu Pontien."

"Soma tena."

Akasoma tena. Mwanaume mupole, ninakuambia.

Tulitoka nje, tukashika njia ya ziwani kwenda nyumbani. Shangazi alitangulia, ananung'unika peke yake. Alikuwa amefanya hesabu yake: kama mimi ni mutoto wa Pontien, basi yeye si shangazi yangu tena, yeye ni bibi yangu. "Nimeingia mule shangazi," alikuwa anasema, "nimetoka bibi. Karatasi moja tu, na nimezeeka hivi. Na maharagwe yameungua." Yule mufanyabiashara wa Kabalo tulimukuta kwenye kona ya soko. Théophile alimupungia mukono kwa mbali kwamba hapana, akaongeza mwendo.

Mimi miguu yangu iligoma mbele ya mitumbwi. Maji yalikuwa yametulia, wanawake wanaanika samaki wadogo wa ndagala juu ya muchanga, hakuna mutu aliyekuwa ananiangalia. Nikafungua mukaba, kwa sababu ulikuwa unabana, nikaushika mukononi. Na nikalia. Nililia kwa sauti, kama mutoto wa miaka sita, deni lote la tangu siku ile. Hakuna aliyeniambia Pontien yupo. Shangazi alisimama mbali, akanigeuzia mugongo, akaniacha nilie.

"Yaya," akasema Théophile. Akasita. "Sasa nikuite namna gani? Kwa karatasi mimi njo mukubwa. Mimi ni baba yako mudogo."

"Usizoee kiti," nikasema, huku ninavuta makamasi.

Akacheka. Akakaa juu ya ubavu wa mutumbwi mumoja, akanisogezea fasi ya kukaa karibu yake. Nikapima lile neno mudomoni kabla ya kulitoa.

"Baba mudogo. Baba yangu alikuwa mutu wa namna gani?"

Alitazama maji.

"Mukali," akasema. "Mukali kama wewe. Alinituma maji, alinituma viatu. Akinikuta juu ya kiti, ananitoa." Akapokea mukaba mukononi mwangu, akapitisha kidole juu ya matundu, yale madogo yote, mpaka la mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuushika. "Na siku akipata samaki wengi, alikuwa anakubeba mabegani toka hapa mpaka nyumbani. Anapita katikati ya soko. Anasimamisha watu wasiomujua, anawauliza: mumeona mutoto wangu? Mumemuona?"

Mimi sikumbuki. Nikamuambia arudie, toka mwanzo.